Botswana: Kura Zilipohama

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa serikali na walimu.)



Asubuhi ya tarehe 1 Novemba, 2024, kabla kazi ya kuhesabu kura haijakwisha, Rais Mokgweetsi Masisi wa Botswana aliwatangazia wananchi wake kwamba chama chake kimeshindwa. Siku hiyo hiyo mpinzani wake, mwanasheria Duma Boko, aliapishwa kuwa Rais. Chama kilichoondoka madarakani, yaani Botswana Democratic Party, au BDP kwa kifupi, kilikuwa kimeitawala nchi hiyo tangu siku ya uhuru, tarehe 30 Septemba, 1966. Hiyo ni miaka 58. Hayakuwa mapinduzi ya kijeshi wala ghasia za mitaani. Yalikuwa masanduku ya kura.

Kwa msomaji wa Tanzania, Botswana si nchi ya kigeni. Seretse Khama, Rais wake wa kwanza, aliketi meza moja na Mwalimu Nyerere, Kaunda, Machel na Neto katika vikao vya Nchi za Mstari wa Mbele, wakati ambapo nchi yake ilikuwa imezungukwa na makaburu na walowezi karibu pande zote. Chama alichokiasisi mwaka 1962 pamoja na Quett Masire kilishinda uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1965 kwa viti 28 kati ya 31, na tangu hapo hakikushindwa hata mara moja kwa muda wa karibu miaka 60. Mwaka 2019 kilikuwa na viti 38 kati ya 57. Mwaka 2024, katika Bunge lililoongezwa majimbo hadi 61, kilibaki na viti 4.

Viti vinne! Msiba wa namna hii hauelezeki kwa neno moja. Wako waliosema mara moja kwamba vijana wamechoka. Wengine wakasema ni bei ya almasi. Wengine, hasa wale wapendao maelezo mepesi, wakasema kwamba wapinzani waliungana. Maelezo hayo mawili ya kwanza yana ukweli ndani yake, ila hayatoshi. Hilo la tatu ni kosa tupu, na inafaa lianze kuchunguzwa lenyewe, kwa sababu ndilo linalorudiwa sana.

Muungano uliomwingiza Boko Ikulu huitwa Umbrella for Democratic Change, yaani UDC. Mwaka 2019 muungano huo ulikuwa mpana kuliko wakati wowote: chama cha Botswana Congress Party, BCP, kilikuwa ndani yake. Ulipata asilimia 35.9 ya kura na viti 15, na Boko mwenyewe akapoteza jimbo lake mjini Gaborone. Baada ya hapo wakagombana, na BCP ikatoka. Hivyo basi mwaka 2024 wapinzani walikwenda kwenye uchaguzi wakiwa makundi matatu: UDC, BCP, na chama cha Botswana Patriotic Front, BPF, kilichoungwa mkono na Rais mstaafu Ian Khama. Walikuwa wamegawanyika zaidi kuliko miaka mitano iliyotangulia, na bado wakashinda. UDC ilipata kama asilimia 37 ya kura na viti 36. BCP ikapata asilimia 21 na viti 15. BPF ikapata asilimia 8 na viti 5. BDP ikapata asilimia 30 na ushei, na viti 4. Kiti kimoja kilikwenda kwa mgombea binafsi.

Hebu tarakimu hizo zitazamwe kwa utulivu, kama mwalimu wa hesabu anavyomtaka mwanafunzi azitazame. Kura za UDC zilipanda kutoka asilimia 35.9 hadi 37. Ni kama hazikupanda. Lakini viti vilitoka 15 vikafika 36. BDP, ambayo ilikuwa ya pili kwa wingi wa kura nchini, ikawa ya nne kwa wingi wa viti, nyuma hata ya chama kilichopata kura pungufu ya theluthi moja ya kura zake.

Wataalamu wa uchaguzi wa Uingereza wana kipimo cha mambo haya. Kilienezwa na David Butler wa Chuo Kikuu cha Oxford tangu miaka ya 1940 na 1950. Huchukua asilimia ambazo chama kimoja kimeongeza na asilimia ambazo chama cha pili kimepoteza, hujumlisha, kisha hugawa kwa mbili. Jibu lake ndilo mhamo wa kura. Kipimo hicho kilifaa sana enzi ambapo Waingereza karibu wote walipigia ama Conservative ama Labour, kwa maana aliyetoka huku alikwenda kule, kama maji ya mtungi mmoja yanapomiminwa katika mwingine. Kikitumiwa Botswana kwa mwaka 2024 kinatoa mhamo wa karibu asilimia 12 kutoka BDP kwenda UDC. Hesabu ni sahihi. Habari inayotolewa na hesabu hiyo ni ya uongo, kwani UDC haikuongezewa hata asilimia mbili.

Waingereza wenyewe kipimo hicho kimewachanganya siku hizi. Katika uchaguzi wa Julai 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura, wakati mwaka 2019 kiliposhindwa vibaya kilikuwa na asilimia 32.1. Kwa idadi ya watu, kura zake zilipungua, kutoka zaidi ya milioni 10 hadi milioni 9.7. Hata hivyo viti vyake viliongezeka kutoka 202 hadi 411 katika Bunge la viti 650. Kilichotokea ni kwamba Conservative walianguka kutoka asilimia 43.6 hadi 23.7. Watu waliotoka kwao walitawanyika: wengine wakaenda chama cha Reform, wengine kwa Liberal Democrats, wengine wakabaki nyumbani. Labour ilisimama pale pale ilipokuwa imesimama, na jengo la jirani likaporomoka.

Ndivyo ilivyokuwa Botswana. Nchi hiyo ilirithi kwa mkoloni Mwingereza utaratibu ule ule wa majimbo, ambamo mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake hutwaa kiti hata kama hakufikia nusu, na wengine wote huondoka mikono mitupu. Rais naye hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Chama chenye zaidi ya nusu ya viti ndicho kinachompata. Kwa utaratibu huo chama chenye asilimia 30 ya kura kilichotawanya kura zake sawasawa kote nchini huwa cha pili kila mahali, na wa pili hapewi kitu. Kama viti vya Botswana vingegawanywa kwa uwiano wa kura, BDP ingekuwa na viti 18 au 19 hivi.

Je, BDP ilionewa? La hasha. Utaratibu huo ndio uliokilea chama hicho. Mwaka 2004 kilipata asilimia 51.7 ya kura na kikachukua viti 44 kati ya 57. Mwaka 2014 kilishuka chini ya nusu kwa mara ya kwanza, kikapata asilimia 46.5, na bado kikachukua viti 37. Katika uchaguzi huo wa 2014 BCP ilipata kura asilimia 20, ikaambulia viti 3. Miaka kumi baadaye kwa asilimia 21 ikapata 15. Kwa miaka mingi wapinzani walilalamika kwamba kura zao zinapotea bure, na wakubwa wa chama kilichotawala hawakuona sababu ya kubadili sheria iliyokuwa ikiwafaa. Wahenga walisema msumeno hukata mbele na nyuma.

Sasa linabaki swali kubwa zaidi: ni kwa nini asilimia 22 ya wapiga kura wa nchi nzima walikihama chama walichokizoea?

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba kura hizo hazikuhama mwaka 2024 peke yake. Dalili zilianza zamani. Mwaka 1994, miji ilipokuwa imekua na wakulima wengi wamekuwa wafanyakazi, chama cha Botswana National Front kilitwaa viti 13 kati ya 40. Hapo BDP ingeweza kuamka. Lakini mwaka 1998 wapinzani wakavunjika, wabunge 11 kati ya wale 13 wakaondoka kuanzisha BCP, na katika uchaguzi wa mwaka 1999 BDP ikarudi na viti 33. Ushindi wa aina hiyo, unaotokana na ugomvi wa nyumba ya jirani, ni ushindi unaolevya.

Kisha ukaja mwaka 2010, wakati wa utawala wa Ian Khama, mtoto wa Seretse. Kwa mara ya kwanza BDP yenyewe ilipasuka, na kundi la viongozi wake, miongoni mwao Gomolemo Motswaledi, likaanzisha chama kipya ambacho baadaye kiliingia katika UDC. Mwaka uliofuata yakatokea mambo ambayo kila mtumishi wa serikali na kila mwalimu katika Afrika anapaswa kuyajua.

Aprili 2011, watumishi wa serikali ya Botswana waligoma. Mishahara yao ilikuwa haijapandishwa kwa muda, serikali ikisema kwamba dunia iko katika msukosuko wa uchumi na almasi hazinunuliwi. Watumishi walidai nyongeza ya asilimia 16. Walimu walitoka madarasani, wauguzi wakatoka wodini, na mgomo ukaendelea kwa muda wa wiki nane hivi. Serikali haikulegea. Watumishi zaidi ya elfu mbili waliohesabiwa kuwa wa huduma za lazima walifukuzwa kazi, na walioendelea waliambulia nyongeza ya asilimia 3.

Kwa siku ile ilionekana kwamba serikali imeshinda. Lakini katika nchi yenye watu wachache kama Botswana, serikali ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote. Mwalimu mmoja katika kijiji cha Kgalagadi ndiye anayemsomea bibi barua, ndiye anayejaza fomu za jirani, na ndiye anayetuma fedha kwa ndugu sita kila mwisho wa mwezi. Anapovunjika moyo mtu huyo, hasira haibaki moyoni mwake peke yake. Shirikisho la vyama vya watumishi, BOFEPUSU, likaacha msimamo wa kutochanganya mambo ya kazi na siasa, likawaunga mkono wapinzani waziwazi katika uchaguzi wa mwaka 2014. Matokeo yake ni ile asilimia 46.5. Katika muhula uliofuata BDP ilitawala kwa hisani ya mgawanyiko wa wengine.

Mwaka 2019 ndio unaofundisha kuliko yote, kwa sababu ndio uliodanganya kuliko yote. Masisi alimrithi Khama tarehe 1 Aprili, 2018, na baada ya muda mfupi wawili hao wakafarakana. Mei 2019 Khama akakihama chama kilichoasisiwa na baba yake. Khama si mwanasiasa tu. Ni chifu wa Wangwato, na eneo la Serowe lilikuwa ngome ya BDP tangu kabla ya uhuru. Watu wakasubiri kuona chama kikianguka. Hakikuanguka. Kilipata asilimia 52.7 na viti 38, kimoja zaidi ya mwaka 2014.

Viongozi wa BDP walisherehekea. Kumbe chini ya tarakimu hiyo moja kulikuwa na mihamo miwili iliyopishana njiani. Kaskazini na katikati, BDP ilipoteza watu waliomfuata chifu wao. Kusini na mjini Gaborone ilipata watu wapya, wengi wao wakiwa ni wale wale waliochukizwa na utawala wa Khama, wakaona kwamba sasa ameondoka na Masisi ametengeneza uhusiano mwema na vyama vya wafanyakazi. Hasara na faida zilipowekwa katika jedwali moja, zikafutana. Jedwali likaonyesha uthabiti. Ukweli ni kwamba chama kilikuwa kimebadilisha wapiga kura wa kudumu kwa wapiga kura wa mkopo. Mpiga kura wa Serowe alikuwa na BDP kwa sababu babu yake alikuwa na BDP. Mpiga kura wa Gaborone alikuwa na BDP kwa sababu alikuwa ameahidiwa kazi.

Na kazi hazikupatikana. Uchumi wa Botswana hutegemea almasi za Orapa na Jwaneng, zinazochimbwa na kampuni ya Debswana ambayo serikali inamiliki nusu na De Beers nusu. Almasi ndizo zilizoitoa nchi hiyo katika umaskini mkubwa wa mwaka 1966. Hilo lazima lisemwe kwa haki, kwani si nchi nyingi za Afrika zilizotumia mali ya ardhini kujenga shule na zahanati kwa uangalifu kama ule. Lakini mgodi hauajiri watu wengi, na nchi inayouza kitu kimoja hulala macho. Mwaka 2023 na 2024 soko la almasi duniani lilidorora, wanunuzi wakipungua na almasi zinazotengenezwa viwandani zikizidi kuenea. Mapato ya serikali yakashuka. Zaidi ya robo ya wanaotafuta kazi walikuwa hawana kazi, na kwa vijana hali ilikuwa mbaya zaidi. UDC wakaja na ahadi ya kima cha chini cha mshahara cha pula 4,000 kwa mwezi. Kwa kijana mwenye shahada anayekaa kwa mama yake, ahadi hiyo haikuhitaji kufafanuliwa.

Ndani ya chama nako hakukuwa na utulivu. BDP ina utaratibu wa kura za maoni uitwao Bulela Ditswe, ambao maana yake ni kufungua zizi wanyama watoke. Kila baada ya kura hizo, wapo walioshindwa ambao hawakuridhika, na baadhi yao walisimama kama wagombea binafsi dhidi ya chama chao wenyewe. Katika jimbo ambalo mshindi huamuliwa kwa kura mia tatu, mgombea mmoja wa aina hiyo anatosha kuzika chama.

Mpiga kura anayekihama chama ana milango mitatu ya kutokea. Anaweza kubaki nyumbani. Anaweza kwenda kwa ndugu aliyejitenga. Anaweza kuvuka mto moja kwa moja. Huko Afrika Kusini, Mei 2024, mlango wa kwanza na wa pili ndiyo iliyotumika. ANC ilishuka kutoka kura milioni 10 za mwaka 2019 hadi milioni 6.4, yaani asilimia 40. Chama cha DA, mpinzani wake wa zamani, hakikuvuna mamilioni hayo. Kura zake chenyewe zilipungua kidogo. Zaidi ya milioni 2 zilikwenda kwa chama kipya cha Jacob Zuma, mtu wa nyumba ile ile, na umati mwingine haukwenda kupiga kura kabisa. Botswana ilikuwa tofauti. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 1, na kama wanne katika kila watano walijitokeza kupiga kura. Hawakubaki nyumbani. Walipanga foleni, baadhi yao hadi usiku, ili waondoke.

Hapo ndipo maelezo ya umoja wa upinzani yanapokosa miguu. Ni kweli kwamba Kenya mwaka 1992 Moi alishinda kwa asilimia 36 kwa sababu Matiba, Kibaki na Odinga waligawana zilizobaki, na kwamba mwaka 2002 wapinzani walipoungana nyuma ya Kibaki, KANU iling'oka. Wengi walichukua funzo la Kenya wakaligeuza kuwa kanuni. Lakini mgawanyiko wa wapinzani humlinda mtawala iwapo tu naye anabaki na fungu kubwa kuliko fungu la kila mmoja wao. Akishuka hadi asilimia 30, haijalishi wapinzani ni watatu au wanne, kwani katika kila mkoa yupo mmoja anayemzidi. Katika maeneo ya Gaborone alikuwa UDC, kaskazini BCP, Serowe BPF. Kila mmoja alikula pale alipokaa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kuhama kwa kura si mambo ya vyama vingi tu. Wazee wanaoukumbuka uchaguzi wa mwaka 1965 hapa Tanzania Bara, wakati wa TANU, wanakumbuka jinsi wananchi walivyopewa wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, wakamwangusha hata Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Chama kilibaki, lakini kiongozi alijua wananchi wanasema nini. BDP haikukosa uchaguzi huru. Ilikosa masikio kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, na ushindi wa viti 38 ukawa pamba ya kuyaziba.

Lakini ndugu, lipo pia la kuangalia upande wa pili. Asilimia 37 iliyomweka Boko madarakani ni ndogo kuliko asilimia 46.5 iliyomtia hofu Khama mwaka 2014. Watu sita katika kila kumi hawakukipigia kura chama chake. Hazina aliyoikuta haikuwa na fedha za kutimiza ahadi zake kwa haraka, almasi hazikupanda bei kwa sababu ya kuapishwa kwake, na Agosti 2025 serikali yake ililazimika kutangaza hali ya dharura katika huduma za afya kwa sababu dawa zilikuwa zimekwisha hospitalini. Wauguzi waliokuwa wodini siku hiyo ni wenzao wa wale waliogoma mwaka 2011, na kura zao, ambazo ziliwahi kuwa za BDP, kisha zikawa za upinzani, zitahesabiwa tena mwaka 2029.